Nani Ahame: Maji, Udongo au Mlaji?

Kaunti ya Kwale ina mbingu mbili. Mtu anaweza kutoka Diani asubuhi ya mwezi wa tano akiwa amevua viatu kwa sababu uchochoro umejaa maji, akapita Kwale mjini, akateremka upande wa Kinango na kuwakuta watu wakilitazama wingu lililopita juu yao bila kushusha kitu. Ukanda wa bahari hupata milimita elfu moja na zaidi za mvua kwa mwaka. Bara ya kaunti hiyo hiyo, Kinango, Samburu na nyuma ya Lunga Lunga, hupata karibu nusu ya hizo, na miaka mingine hata nusu yenyewe haitimii.

Wala pwani penyewe mvua haiji kwa mizani. Mwezi wa tano, masika yakiwa yamepamba moto, milimita 200 na zaidi si habari ya kumshangaza mtu. Mwezi wa pili, kaskazi ikivuma, hazifiki 30. Sasa tufanye hesabu ya bustani. Milimita moja ya mvua ni lita moja juu ya kila mita ya mraba. Kitalu cha mchicha cha mita nne za mraba hupokea, mwezi wa tano, lita 800, yaani mitungi arobaini ya lita ishirini, iliyoletwa bure na kumwagwa bila mwenyewe kuulizwa. Mwezi wa pili kitalu hicho hicho hupewa na mbingu chini ya mitungi sita kwa mwezi mzima, ilhali kwa jua la Pwani kinataka takriban mtungi mmoja kila siku. Iliyobaki hutoka bombani, kichwani mwa mtu, na mtu huyo aghalabu ni mwanamke.

Kila msimu ukiharibika huja semina ya kilimo, na semina huwa na jibu moja mkononi. Mwaka huu ni mashimo, mwaka ule ni matuta, mwaka mwingine ni mipira ya matone. Majibu yote hayo yalizaliwa mahali fulani, kwenye udongo fulani, kwa watu waliokuwa na njaa ya chakula fulani. Nikiyaweka mapokeo hayo bega kwa bega na yale ya Wadigo wa hapa Kwale, naona tofauti kubwa haiko kwenye zana. Iko kwenye swali ambalo kila jamii ililijibu kwa njia yake: maji na mboga visipokutana, nani ahame?

Waliohamisha maji ndio waliofika mbali zaidi, na kati yao Waomani ni walimu. Wasomaji wenye jamaa Nizwa au Ibra hawahitaji kuelezwa falaj: mfereji unaochota maji chini ya mlima na kuyaleta kijijini kwa mteremko tu, bila pampu. Oman bado ina mifereji kama 3,000 inayofanya kazi, na mitano kati yake, pamoja na Falaj Daris ya Nizwa, iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Watalii huvutiwa na ujenzi. Mimi huvutiwa zaidi na taratibu zake. Maji yakiingia kijijini, ya kunywa huchotwa kwanza, kisha hupita msikitini na kwenye mabirika ya kuogea, ndipo yaende mashambani. Huko mashambani kila mwenye haki ana zamu yake, na zamu hupimwa kwa muda, si kwa ndoo. Zamani mchana walisoma kivuli cha mti uliosimikwa, na usiku walisoma nyota. Baadhi ya zamu hukodishwa kwa mnada, na fedha zake hutengeneza mfereji.

Lakini funzo lenyewe kwa mkulima wa mboga liko mwisho wa mfereji. Mitende hupata maji kwanza, kwa sababu mtende uliokufa hurudi baada ya miaka. Mboga, ngano na majani ya mifugo hulimwa pembezoni, kwenye viwanja vinavyotanuka mwaka wa maji mengi na kunywea mwaka wa ukame. Maji yakipungua, hawapunguzi maji ya kila mmea. Hupunguza mimea. Jambo hili ni dogo kulisema na gumu kulifanya. Mwenye bustani wa kwetu akiona kisima kinashuka huendelea na vitalu vyake vyote sita, kila kimoja kikipata nusu ya maji, hadi mwisho wa mwezi anavuna vitalu sita vya mchicha ulioota maua kabla ya kuota majani. Mchicha ukibanwa na kiu hukimbilia kuzaa mbegu. Angeacha vinne vife na kuvinywesha viwili sawasawa, angekula.

Wapare wa Same wana lao la namna hiyo: ndiva, bwawa dogo la juu mlimani linalojaa usiku na kufunguliwa asubuhi, ili maji ya kijito chembamba yapate nguvu ya kufika shamba la mwisho. Kulisafisha ni kazi ya wote, msaragambo, na asiyetokea hujibu. Ndiva na falaj zinafanana kwa hilo: maji huhama kwa sababu kuna watu waliokubaliana. Pale ambapo hakuna makubaliano, bomba la maji huwa ni mali ya yule aliyeamka mapema.

Kwale nayo imewahi kuwa darasa la makubaliano ya maji. Miaka ya 1980 pampu ya mkono ya Afridev, inayojulikana leo nusu ya Afrika, ilifanyiwa majaribio kwenye vijiji vya kaunti hii, na kamati za wanawake zikapewa kuiendesha. Kandokando ya bomba, pale maji yanapomwagika ndoo ikishushwa, utakuta mchicha, migomba miwili na mpapai. Hiyo ndiyo bustani ya kiangazi ya watu wengi wa Msambweni. Hakuna mradi ulioipanga, ilijiotea tu.

Tatizo la kuhamisha maji hapa pwani ni mchanga. Udongo wa Ukunda na Diani ni kichanga kilicholala juu ya mwamba wa matumbawe. Mwaga ndoo, geuka uchukue ya pili, ukirudi ile ya kwanza imekwisha shuka. Mchanga hushika chini ya nusu ya maji yanayoshikwa na mfinyanzi wa bara, na mbolea hushuka pamoja na maji hayo. Ndiyo maana mchicha wa masika Diani huwa wa manjano ukiwa umezama majini: haukosi maji, umekosa chakula kilichosukumwa chini ya mizizi.

Anayejua kazi kwenye mchanga huo hafanyi kitalu kimoja cha mwaka mzima. Mwezi wa kumi na mbili anachimba kwenda chini: jaruba la upana wa mkono uwezao kufika katikati, kina cha shibiri moja, kingo zimeinuliwa pande zote. Chini anapanga makumbi ya nazi, upande wenye nyuzi ukitazama juu, ili yanywe maji na kuyatoa polepole. Juu ya makumbi samadi, juu ya samadi mchanga uliochanganywa na taka za jikoni, kisha miche, na juu ya miche kivuli cha makuti kwa wiki mbili za mwanzo. Jioni, si asubuhi wala mchana, anamwaga maji pole pole kwa kopo lililotobolewa. Mwezi wa tatu, kabla kusi haijaanza kuleta mawingu, kazi hiyo hubomolewa. Kingo huvutwa ndani, jaruba hugeuka tuta, na kati ya matuta huchimbwa njia ya maji yenye mahali pa kwenda. Kitalu kilichokuwa bakuli Januari lazima kiwe mgongo Aprili. Asiyekigeuza hupoteza nyanya zake kwa namna inayodanganya: mizizi iliyozama hukosa hewa, majani hulegea kama yenye kiu, na mwenye bustani akiyaona yamelegea huongeza maji.

Wazuni wa New Mexico, Marekani, walifika kwenye bakuli hilo hilo bila kuonana na mtu wa Ukunda. Wanawake wao walijenga vijitalu vya mraba vyenye kuta fupi za udongo, vimepangwa safu kwa safu, na kuvinywesha kwa kata kutoka kwenye mitungi waliyobeba. Maji yakibebwa kichwani, bustani ya mtu huchukua umbo moja popote duniani: ndogo, ya shimo, karibu na mlango. Tofauti ni kwamba nchi ya Wazuni haina masika ya milimita 200. Bakuli lao halikuhitaji kugeuzwa.

Hapo ndipo ninapokuwa na shaka na mashimo ya zai. Yalitoka Yatenga, Burkina Faso, kwa wakulima waliofufua ardhi iliyoganda baada ya ukame wa mwanzo wa miaka ya 1980. Yacouba Sawadogo, aliyefariki mwaka 2023, alipata sifa ya dunia kwa kuyaboresha. Alichimba wakati wa jua, akatia samadi, mchwa wakaja kuifuata samadi na kutoboa ardhi ngumu, na mvua ya kwanza ikapata mlango. Kazi ya zai ni kuivunja ngozi ya udongo usiopitisha maji. Kinango, kwenye ardhi nyekundu iliyokanyagwa na ng'ombe, shimo hilo lina maana na linaokoa kunde na mahindi. Diani, ambako udongo hauna ngozi wala mfupa, kuchimba zai ni kumfungulia mlango mgeni ambaye tayari yumo ndani.

Waliohamisha udongo wana historia yenye makovu zaidi. Tangu miaka ya 1950 familia za Wakamba zimekaa kwenye makazi ya Shimba Hills, na walikuja na jembe lenye mazoea ya milimani. Fanya juu ni mtaro unaochimbwa kufuata usawa wa mlima, udongo wake ukitupwa upande wa juu, hadi baada ya miaka kadhaa mteremko unageuka ngazi. Wadigo wa bonde la pili hawakuwa nao. Kwao ardhi ni tambarare au ni bonde, na mtaro wa nini? Ukipita huko leo utaona mipaka miwili ya fikra kwenye kilima kimoja: huku ngazi zenye majani ya ng'ombe kwenye kingo, kule minazi, mihogo na kunde vimechanganywa bila mstari, ardhi imefunikwa majani hata tone halifiki chini kwa kishindo. Mtaalamu wa zamani angesema upande wa kwanza ni kilimo na wa pili ni uvivu. Mvua haioni hivyo. Kinachoharibu udongo ni tone linalopiga ardhi tupu, na ardhi hiyo haiko tupu.

Machakos yenyewe, nchi ya Wakamba, iliyachukia matuta hayo ilipolazimishwa kuyachimba wakati wa ukoloni, na ikayachimba kwa wingi zaidi ilipoachwa ijichimbie, kwa vikundi vya mwethya, pale mazao yalipopata soko. Hayo yameelezwa kwa kina na Tiffen, Mortimore na Gichuki katika kitabu chao cha mwaka 1994. Usambara mambo yalienda kombo. Nataka kukaa hapo kidogo, maana Usambara na Kwale zimefungwa kwa maji.

Mto Umba hauzaliwi Kenya. Unaanzia Usambara ya Magharibi, unashuka nyika ya Tanzania, unavuka mpaka na kuingia baharini Vanga. Kwa hiyo Vanga inaweza kufurika siku ambayo hapakunyesha hata tone. Watu wa Vanga na Jego wanajua kutazama rangi ya mto kabla ya kutazama mbingu: ukiiona nyekundu, huko juu kumeharibika. Kila tope linalozika bustani ya bamia Vanga liliwahi kuwa shamba la mtu Lushoto.

Kwa Washambaa wa zamani mvua ilikuwa siasa. Mfalme wa ukoo wa Kilindi aliaminiwa kuwa na uwezo wa kuileta na kuizuia, na watu walitofautisha kati ya utawala unaoiponya nchi na ule unaoiharibu. Watawala wakipigania madaraka, nchi hukauka. Mwenye nguvu mmoja akisimama, mvua hutulia. Steven Feierman aliliandika hilo kwa urefu mwaka 1990. Waingereza walipokuja na mpango wao wa Mlalo mwaka 1946, na baadaye kuutandaza Usambara nzima, waliamuru matuta kwenye miteremko, na aliyekataa alipelekwa barazani. Nia ilikuwa kuzuia maji yasichukue udongo. Wakulima walikataa kazi nzito waliyoona inawapunguzia ardhi, wakayabomoa, wakaimba dhidi yake, na chuki hiyo ikawa kuni za siasa ya TANU. Mpango uliachwa kabla ya uhuru. Mimi siwezi kusema matuta yalikuwa makosa ya kilimo. Baadhi ya miteremko ile ilihitaji kitu. Ila serikali iliuhamisha udongo wa watu kabla ya kuwauliza wao wenyewe walikuwa wanaufunikaje, na hiyo si tabia iliyokufa na ukoloni.

Njia ya tatu haihamishi maji wala udongo. Inahamisha bustani. Wahehe wa Iringa wana vinyungu, vitalu vya bondeni vinavyoandaliwa mvua zikiisha: nyasi hufukiwa chini, udongo mweusi huinuliwa juu yake, na unyevu uliobaki ardhini hulea maharage na mboga miezi yote ya kiangazi. Warufiji walikuwa na mlau. Mto ukifurika wao huketi kwenye madungu yao, ukirudi nyuma hupanda nyayo kwa nyayo kwenye tope lililoachwa. Kwao mafuriko hayakuwa maafa, yalikuwa mbolea iliyochelewa au kuwahi. Mwaka 1968 mafuriko makubwa yaliifanya serikali ya Tanzania iwahamishie Warufiji juu, mbali na maji, na kwa kuwaokoa ikawatenganisha na shamba lao. Vinyungu navyo vimebanwa na sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inayokataza kulima ndani ya mita 60 za kingo za mto. Sheria ina sababu zake, kwa kuwa mito ya Iringa inazalisha umeme na kunywesha mbuga, lakini mama mwenye kinyungu hakuwa na shamba la pili la kiangazi mfukoni.

Wadigo nao wamekuwa wakihama namna hiyo. Mpunga na matembele bondeni, mihogo na kunde juu, na kiangazi kikizidi watu huteremka na majembe yao kufuata unyevu. Siku hizi kuteremka kumekuwa kugumu. Upande wa bahari viwanja vimezungushiwa kuta, mabonde ya Ramisi na Msambweni yana miwa ya kampuni, na vijana wanaorithi robo ekari hawana bonde la kuhamia. Bustani inayohama hutaka ardhi isiyo na ua.

Kuna pia wanaoomba maji yahame kwa mkono usio wa mtu, na sioni sababu ya kuwaweka nje ya ulinganishi huu. Kaya Kinondo, msitu mtakatifu ulio kando ya Diani, uliingia Urithi wa Dunia mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda, na kwenye kaya wazee wamekuwa wakipeleka sadaka mvua ikikawia. Waislamu, ambao ndio wengi kati ya Wadigo, hutoka uwanjani kwa swala ya kuomba mvua, rakaa mbili, imamu akageuza shuka lake ndani nje. Kuna hadithi mashuhuri iliyopokewa na Anas bin Malik ambayo kila mwenye bustani angefaa kuikumbuka. Mtu mmoja alimwendea Mtume siku ya Ijumaa akalalamikia ukame. Mtume akaomba, mvua ikanyesha juma zima, na Ijumaa iliyofuata mtu akaja kulalamika kwamba sasa nyumba zinabomoka na njia zimekatika. Mtume hakuomba mvua ikome. Aliomba iende kandokando, vilimani, mabondeni na mahali paotapo miti. Katika dua ile mvua haikuwa nyingi wala chache. Ilikuwa mahali pasipo pake.

Basi imebaki njia ya nne, ambayo kwayo Kwale ina haki ya kuitwa mwalimu, na ambayo haimo katika kitini chochote cha semina nilichowahi kupewa. Ni kumhamisha mlaji.

Ingia jiko la Mdigo na uulize mboga gani inaliwa hapa. Jibu lenye akili ni swali: mwezi gani? Mvua za kwanza zikipiga, mchicha na mnavu huota wenyewe penye majivu na samadi. Wiki chache baadaye yapo majani ya kunde, yanayochumwa machanga kabla mmea haujaanza kujishughulisha na maua. Masika yakikaza, mrenda na matembele hufurahia maji ambayo yangeua nyanya. Mvua zikikatika, kunde zilizobaki huzaa maganda, bamia huendelea, na kiangazi kikikomaa kuna kisamvu na mronge, mimea ambayo mizizi yake imekwenda kutafuta mbali. Na kuna mtsunga, ambao wengine huuita mchunga. Ukiuvunja hutoa utomvu mweupe, nao ni mchungu kama dawa. Mashina yake hutambaa chini ya ardhi. Jua likiua majani, tone la kwanza huyarudisha, na jembe likiukata vipande, kila kipande huwa mmea. Kwa mkulima wa mahindi ni gugu la kulaaniwa. Kwa mpishi wa Msambweni hukatwakatwa, huchemshwa, maji ya kwanza humwagwa, kisha huchanganywa na mchicha au kunde ili uchungu upungue, hutiwa tui, na kuliwa na ugali.

Kuchanganya huko ndiko siri ya mambo. Sufuria yenye majani ya aina tatu au nne haiulizi kama msimu ulikuwa mzuri. Aina moja ikikosekana, nyingine huziba pengo na wageni hawajui. Patrick Maundu na wenzake wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya walipotoa mwaka 1999 kitabu chao cha mimea ya chakula ya asili, waliandika kisayansi jambo ambalo bibi wa Lunga Lunga hulifanya bila daftari. Yeye hana bustani kwa maana ya ofisi ya kilimo. Ana sehemu kumi na tano anazozijua: nyuma ya zizi, kando ya kisima, kichuguu fulani, shamba la shemeji lililolala.

Sitaki kuipamba njia hii kupita kiasi. Misimu mitano mfululizo ya mvua iliposhindwa, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, hata vichaka vya Kinango havikuwa na jani la kuchuma, na mlaji aliyezoea kuhama hakuwa na pa kuhamia. Mmea unaovumilia jua unaweza pia kuwa na kisasi. Muhogo ukipata kiu huongeza sumu yake. Mwaka 1981, jimbo la Nampula kaskazini mwa Msumbiji lilipopigwa na ukame, watu zaidi ya 1,100, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu kwa kula muhogo mchungu ambao njaa haikuwapa muda wa kuulowesha na kuukausha. Kisamvu hutwangwa na kuchemshwa kwa muda mrefu kwa sababu hiyo hiyo, na mwaka wa ukame si mwaka wa kufupisha kazi ya kinu, hata kama kuni ni shida.

Tena mlaji wa leo hahami kwa urahisi. Hoteli ya Diani inataka letasi na nyanya Februari na Mei kwa ukubwa ule ule. Na mtoto wa Ukunda, tuseme ukweli, anataka sukuma wiki kila siku, mboga ya baridi ambayo kwenye joto la Pwani huliwa na vidukari na minyoo ya mizizi kabla ya mwenyewe. Ukisimama sokoni na kumuuliza muuzaji mbona mchicha wa leo umechoka, atakujibu: "Ah mwanangu, huu ni wa mvua, ukiuweka chini tu ushalala. Chukua sukuma, imetoka bara." Imetoka bara, kwa lori, kwa mafuta. Mvua ikikata njia huko juu, bei hupanda Ukunda hata kama Ukunda kwenyewe kumenyesha vizuri na mnavu umejaa uani.

Kwa hiyo mtu mwenye mkataba na hoteli namwambia ahamishe maji, na asione haya: tangi la kuvuna mvua ya Mei, neti ya kivuli, mipira ya matone, na ikiwa kisima kiko karibu na ufuo, kuonja maji kabla ya kuyamwaga, maana kisima kikichotwa sana huvuta chumvi. Spinachi na mchicha hustahimili chumvi kidogo, maharage hayana subira hiyo. Hiyo ni bustani ya biashara, na gharama yake mteja atalipa. Bustani ya sufuria ni jambo jingine. Kuilazimisha itoe sukuma miezi kumi na miwili kwenye kichanga ni kumtwisha mama mtungi wa lita ishirini kila jioni kwa ajili ya mboga isiyoushinda mtsunga kwa lolote ila jina. Nyumba moja inaweza kuwa na zote mbili, mradi mwenyewe ajue ipi ni ipi na asiimwagilie ya pili kwa jasho la ya kwanza.

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba takwimu huhesabu kilichopandwa, kikapimwa kwa ekari, kikauzwa kwa kilo. Mtsunga haupandwi. Mnavu wa uani hauna ekari. Mboga iliyolisha nyumba miezi miwili ya kiangazi haionekani popote kwenye karatasi, na kisichoonekana kwenye karatasi hakitengewi fedha wala hakitetewi ardhi inapogawanywa. Duka la pembejeo Ukunda litakuuzia mbegu za sukuma, spinachi, nyanya na pilipili hoho, pakiti zenye picha nzuri. Ukiuliza mbegu ya mtsunga, kijana wa dukani atacheka, na hana kosa, kwa kuwa mmea unaoota kwa kipande cha mzizi hauhitaji pakiti. Kwenye rafu ya pili, mgongoni kwake, zimepangwa chupa za dawa ya magugu, na mtsunga ni miongoni mwa mimea ambayo watu huzinunua ili kuiua.